Baba Ananiita Injinia, na Jumamosi Tunamwaga Zege

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na naomba sana usicheke kabla hujafika mwisho.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, niko mwaka wa tatu chuoni, na nyumbani kwetu hakuna anayelikumbuka jina langu tena, wote wananiita Injinia, kuanzia baba aliyelianzisha mpaka bibi ambaye hata hajui injinia anafanya kazi gani. Baba alikuwa mlinzi wa kampuni ya ujenzi kwa miaka ishirini na miwili, kazi yake kuwafungulia mainjinia geti, wengine hata kioo cha gari hawashushi kumsalimia, na siku nilipochaguliwa kusomea uhandisi alilia mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye msiba wa kaka yake, kisha akaninunulia ile kofia ngumu nyeupe, na kila nikija likizo ni lazima niivae wakati nashuka kwenye gari ili majirani waone.

Mshauri, mimi si injinia. Uhandisi niliusoma mwaka mmoja, nikaanguka somo la uimara wa majengo mara mbili, mara ya pili vibaya kuliko ya kwanza, nikahamia ualimu wa chekechea bila kumwambia mtu. Darasani wanaume tuko wawili na mwenzangu anasema yeye alikosea kujaza fomu. Muhula uliopita tulipokwenda mazoezi ya kufundisha nilipewa watoto thelathini na wanane, na mmoja wao, msichana wa miaka mitano, hakuwa ametamka neno shuleni tangu aandikishwe, walimu walishamzoea hivyo, basi mimi nikawa kila asubuhi nakaa naye mkekani tunapanga vizibo vya soda, yeye kimya na mimi kimya, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka siku moja nikaweka kizibo chekundu pasipo pake akanishika mkono akasema, “Siyo hapo, mwalimu,” nikatoka nje nikasimama nyuma ya vyoo nikalia kama mjinga. Msimamizi wangu aliandika kwenye ripoti kwamba nina kipaji. Ripoti yenyewe nimeikunja nikaificha ndani ya kofia. Lakini kipaji gani hicho, wenzangu nilioanza nao wanakaribia kuwa mainjinia kweli na mimi nafundisha watu kupiga mswaki, hayo ndiyo mafanikio?

Sasa maji yamenifika shingoni. Nyumba yetu ni ya chini, juu kuna zege na nondo zilizochomoza miaka yote zikisubiri ghorofa, na baba tangu astaafu ameamua ghorofa ipande. Kuta za juu zimeshasimama, Jumamosi ijayo ni kumwaga zege la kufunika, na juu ya hilo zege anataka kuweka tangi la maji la lita elfu tano. Wiki iliyopita nilikuwepo, nimevaa kofia yangu, fundi mwashi akanivuta mpaka kwenye nguzo za chini, na baba nyuma yetu.

“Injinia,” fundi akasema, “hizi nguzo naziona nyembamba, ni kama zilijengwa za nyumba ya chini tu. Na juu ya mlango wa bibi kuna ufa, mwezi uliopita haukuwepo. Zitabeba kweli?”

Kabla sijafungua mdomo baba akadakia, “Fundi, huyu ndiye aliyevisomea hivyo vitu. Mwambie, Injinia.”

Nikaigonga nguzo kwa kidole mara mbili, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, nikasema, “Ziko sawa. Endeleeni.” Fundi akasema haya, mkubwa amesema, akaondoka zake, na baba alishinda siku nzima amenyoosha mgongo.

Mshauri, kwenye ule ufa penseli inaingia, nimejaribu. Bibi analala chumba hicho. Nikisema ukweli baba atakuwa kichekesho cha mtaa mzima, nikinyamaza silali. Nimefikiria nimwambie kwamba kwa utaalamu mpya uliotoka, zege halimwagwi mwezi huu. Unaonaje?

Mimi, Injinia wa Kofia

*

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka, nisamehe. Nilicheka kwenye tikiti maji mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini. Nilipofika kwenye penseli nikaacha kucheka, na tangu hapo nina hasira na wewe.

Ningekupigia simu siku ileile, lakini hukuandika namba, kwa hiyo naomba Mungu uwe unalinunua gazeti unaloliandikia. Leo ni Alhamisi. Sikia: mpigie fundi, kabla ya baba. Baba ataanza kubishana, na mchana utawakuta bado mnabishana huku kokoto zinashushwa. Fundi mwambie hivi: “Mimi si injinia, nilikudanganya, usimwage.” Usiongeze chochote. Habari za utaalamu mpya ziache hukohuko kichwani kwako, zimekusumbua vya kutosha. Kisha bibi ahame chumba hicho leo, na godoro lake, akalale kwa jirani au kwa shangazi yako, popote ambapo juu yake hakuna ghorofa. Halafu atafutwe injinia mwenyewe, aje na vipimo vyake, aseme kama nguzo zinaweza kuongezewa nguvu au kama hata zile kuta za juu inabidi zishuke. Mimi sijui, ni mwandishi wa gazeti tu, na ona jinsi ilivyo rahisi kusema sijui. Nimelisema hapa mbele ya wasomaji wote na sijafa.

Haya, sasa unaniuliza kama hayo ni mafanikio. Barua yako nimeisoma mara tatu. Uhandisi wote, mwaka mzima, umeupa mstari mmoja. Yule mtoto wa vizibo umempa nusu ukurasa, na pale mwandiko wako unanyooka, huna hata neno ulilofuta. Halafu unaniuliza mimi ni kipaji gani! Unajua kukaa na mtu wiki tatu kimya bila kumharakisha. Kuna watu wenye majoho matatu ukutani hawawezi kumsikiliza mke wao dakika tano. Kama hilo kwako ni kufundisha mswaki, sawa, lakini usinililie eti umeshindwa maisha. Ulishindwa somo moja, mara mbili, na walimu wako walifanya vizuri kukuangusha, maana tumeona unavyopima nguzo.

Tena nikuambie kilichoniudhi zaidi. Pale mlisimama watatu, na aliyefanya kazi ya injinia ni fundi: alitazama, akatia shaka, akauliza. Baba alifanya kazi ya kujivuna, wewe ukafanya kazi ya kofia. Yule mtu alikuuliza swali kwa adabu zote, ukamjibu kwa kidole. Ukimpigia, mwombe radhi. Asipopokea simu mara ya kwanza, rudia.

Kuhusu baba yako, hapo sina maneno makali. Miaka ishirini na miwili unafungua geti na mtu hashushi kioo, hata mimi ningetaka injinia nyumbani kwangu. Nimemfikiria sana huyo mzee na nimemhurumia. Lakini alichokuwa anakitaka pale getini ni kusalimiwa, na wewe unaweza kumsalimia bila kofia. Mwambie mwenyewe, ana kwa ana, ukiwa umekaa chini, siyo kwa ujumbe wa simu na siyo kwa kumtuma mama. Anza na uongo wako, usianze na vizibo. Usiseme “nilifanya kwa ajili yako,” maana si kweli, ulifanya kwa sababu ulikuwa unaogopa, na yeye ataujua huo mchezo. Ripoti ya msimamizi wako ichukue, iache mezani, uondoke. Usimsomee. Ataisoma akiwa peke yake, baba zetu ndivyo walivyo.

Mtaa utacheka, ndiyo. Utacheka wiki mbili, kisha jirani mwingine atafanya ujinga wake na mtasahauliwa.

Na baba atanuna. Huenda akakuita “wewe” mpaka mwaka uishe, na umvumilie, umemdanganya miaka miwili. Mwache anune anavyotaka. Hasira za baba hazijawahi kumwangukia bibi kichwani akiwa amelala. Mpigie fundi.