Shatafu ya Karavani

Jumapili, mwisho wa Oktoba

Fundi mkubwa mimi! Bado nacheka peke yangu.

Baridi iliyopita maji yaliganda ndani ya bomba la karavani yetu, ile nyumba ya kukokotwa na gari, bomba likapasuka, godoro zima likarowa. Zuhura, mke wangu, akaapa kwamba likipasuka tena karavani inauzwa. Kwa hiyo safari hii jirani yetu Derek, Mwingereza, kaniandikia karatasi ya namna ya kumwaga maji yote kabla ya baridi, yasibaki ya kuganda.

Leo nimeifuata mstari kwa mstari. Tangi tupu, hita tupu, koki zote wazi. Nikamwita Zuhura aje aone kazi.

Akachungulia chooni. "Baba Salma, na shatafu je?"

Ule mpira wa kujisafishia niliufunga kwa mkono wangu, maana sisi hatusafiri bila maji ya chooni. Derek kwake hana, ataandikaje?

Nikauinua, nikabonyeza. Maji ya baridi yakanichuruzika mpaka kwapani.

Zuhura alicheka hata akakaa chini. Kisha akaichukua karatasi ya Derek na kuongeza mstari wa mwisho: "Ukimaliza, muulize mkeo."

Nimeibandika mlangoni mwa karavani.