Oili ya Dumu Jeupe

Mkonze,
S.L.P. 1187,
Dodoma.

10 Machi, 1994

Mpendwa mdogo wangu Yotham,

Pokea salamu zetu sote wa hapa Mkonze. Hujambo? Natumaini ile homa uliyoiandika Januari imekuacha. Kama haijakuacha, nenda hospitali, usijitibu kwa vidonge vya dukani. Sisi wazima. Mama anatembea, mguu unamsumbua jioni tu, na Jumapili alikwenda kanisani na kurudi kwa miguu yake, akikataa kushikwa mkono. Binti yako Hana ameng'oka jino la mbele na anajiona mtu mzima. Mvua si nyingi, lakini uwele umesimama na zabibu zimekubali. Mungu ashukuriwe kwa hayo, maana yanayofuata si ya kushukuriwa.

Barua yako nimeipata. Umeandika mistari saba, na sita inamhusu shemeji yako Charles. Unaniamuru mimi, niliyekubeba mgongoni, nimrudishie shemeji yako ufunguo wa Pijo kwa sababu mambo ya gari ni ya wanaume, na tena eti oili ni oili, alimradi ni mpya. Maneno hayo niliyasoma mara mbili, nikadhani umeyaandika homa ikiwa juu.

Ile pikapu tuliinunua wawili kwenye mnada wa magari chakavu, mimi kwa karanga zangu, wewe kwa mshahara wa reli. Kadi ukaitaka iandikwe jina lako, nikakuachia, kwa kuwa kadi haibebi mzigo. Ulipohamishiwa Mpanda ukamkabidhi usukani kaka wa mkeo bila kuniuliza. Hapo pia nikanyamaza. Nilisema moyoni, kijana ana leseni, ana mikono miwili na miguu miwili, gari litakwenda. Kumbe nilisahau kuhesabu kichwa.

Wakati wa vibali, Charles asingeweza kutuharibia kitu. Oili ilikuwa moja tu. Tulipanga foleni kwenye duka la serikali la RTC na chupa mkononi, ikapimwa kutoka kwenye pipa, nzito kama asali ya Manyoni, ukaenda zako. Hata mjinga hakuweza kukosea kwa sababu hapakuwa na cha kuchagua. Sasa ni ruksa. Ingia duka lolote la spea pale mjini, utakuta rafu imejaa oili kutoka kila nchi yenye bandari. Kila mwenye usukani amegeuka bingwa, na kila mwenye duka amegeuka daktari.

Daktari wake Charles ni kijana mmoja mwenye cheni shingoni. Nilikwenda mwenyewe kumsikiliza. "Achana na oili za kizee, mama," akaniambia. "Hii ndiyo wanayotia wabunge." Nikamwuliza mimi ananiona nimechaguliwa na jimbo gani. Magari ya wabunge yametoka kiwandani juzi, viti bado vina nailoni. Pijo yetu ni bibi kizee. Bibi kizee humpi chakula cha bi harusi, halafu ukashangaa tumbo likimwuma.

Nitakueleza taratibu, kwa vile wewe umezoea namba za mabehewa. Kwenye chombo cha oili kuna maandishi ya Kiarabu upande huu na Kiingereza upande ule, lakini namba hazina kabila. Hiyo ya Charles imeandikwa 10W-30. Namba ya mbele, yenye W, ni ya injini ikiwa ya baridi. Ya nyuma ni ya injini ikishapata moto. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito. Ikiwa ndogo, ni nyepesi. Thelathini inafaa injini mpya, ambayo chuma kimebanana na chuma. Yetu imelika. Kati ya pistoni na ukuta wake pana nafasi, na oili nyepesi inapita humo kama maji kwenye ungo, inaungua, inatoka nyuma moshi wa bluu. Ile inayobaki chini haina nguvu ya kuzishika beringi. Gari la umri ule, kwa jua letu hili, na kilima cha Gairo mbele na zabibu mgongoni, linataka 20W-50, au ile arobaini tupu ya zamani. Na hiyo kumi ya mbele ni ya watu wa theluji. Baridi yetu ya Juni hata mbuzi anaivumilia.

Sasa utasema maskini Charles alidanganywa na mwenye duka. Hata heshima ya kudanganywa hana. Yeye hakuisikiliza hotuba ya wabunge wala hakusoma namba. Alichagua dumu.

Ndiyo, Yotham, dumu. Ile oili nyepesi inakuja ndani ya dumu jeupe la plastiki la lita nne, lina mkono wa kushikia na kifuniko cha kuzungusha kisichovuja. Oili nzito inakuja kwenye kopo la bati. Kopo likiisha, mdomo wake unakata vidole na kifuniko hakuna, hata kuku huwezi kumwekea maji. Dumu jeupe ukilisugua kwa majivu, mchanga na maji ya moto, unatia mafuta ya alizeti, unatia maziwa, unakwenda nalo msibani na watu wanakuona. Mama mkwe wako, Mama Ruthu, ndiye aliyepata la kwanza. La pili akapata mwenyekiti wa kwaya ya akina mama. Baada ya hapo wakaanza kuweka oda. Shemeji yako akipita barabarani na Pijo, akina mama wanapunga mkono: "Baba Madumu, langu lini?" Naye anajibu, "Vumilia mama, wiki ijayo." Kwa maisha yake yote mtu yule hajawahi kuhitajiwa kiasi kile. Ndivyo injini yetu ilivyochaguliwa oili, na kamati ya vyombo.

Mwanzoni sikujua. Niliona moshi tu. Zamani Pijo ilikuwa inaomba lita moja baada ya safari nne za Morogoro. Ikawa lita moja kwa safari moja, kisha lita mbili. Mtu mwingine angeshtuka. Kwa wakwe zako walifurahi, maana gari likinywa sana na madumu yanakwisha upesi.

Nilikuja kujua siku tuliyokwama Mtanana, njia ya Morogoro. Tulikuwa tumepakia kreti za zabibu za Mkonze hadi juu ya bodi, Charles kwenye usukani, mimi pembeni. Tukapita Ihumwa vizuri, tukapita Buigiri. Kwenye dashibodi Charles alikuwa amebandika stika ya Mchungaji Mwema na kondoo wake, nami nikafurahi, nikajua kijana ameokoka. Tulipokaribia Mtanana, nikaona Mchungaji Mwema anawaka mwekundu.

"Charles, nini hicho kinawaka?"

"Ni taa tu, dada."

"Taa ya nini?"

"Ya oili. Inasumbua tangu Krismasi. Waya huo, unashtuka kwenye mashimo, ndiyo maana nikaifunika."

Nikamwambia simamisha gari. Akasema tufike kwanza Kibaigwa kuna fundi. Sikurudia kumwambia, nilizima mwenyewe. Lakini injini ilikuwa imeshaanza kugonga, nko, nko, nko, kama mtu aliyefungiwa ndani ya kabati. Nikafungua boneti, nikavuta kijiti cha kupimia. Kilitoka kikavu, cheupe kama mwiko uliooshwa. Zabibu zilishinda juani pale, na tulipopata lori la kutusaidia nyingi zilikuwa zimeshaanza kutoa maji. Mbuzi wa Mtanana walisherehekea siku ile, na Charles alikaa kivulini akiniambia mipango ya Mungu haina makosa.

Fundi Seth wa Miyuji ndiye aliyefungua chini. Kamba ya kuvutia kutoka Mtanana ilikatika njiani mara mbili, hayo yaache. Beringi zilikuwa zimekwaruzwa lakini mhimili mkuu haukuguswa. Kilomita chache tu zaidi, alisema, ningekuja na vyuma chakavu vya kuwauzia wafua majembe. Tumetia beringi mpya, na 20W-50 nimeinunua mimi na nimeimimina mimi. Sasa haigongi. Moshi upo bado, kama wa mzee anayevuta kiko, si kama wa tanuri la matofali.

Baada ya hapo wakwe zako waliitisha kikao, kwa sababu nimemnyang'anya kijana wao ufunguo mbele za watu. Nikaenda. Baba mdogo Joshua alikuwepo upande wetu. Walizungumza sana kuhusu heshima. Zamu yangu ilipofika niliuliza swali moja tu.

"Charles, ulikuwa unatia oili namba ngapi?"

"Ile nzuri, dada."

"Namba."

Akamwangalia mama yake. Akaangalia paa. "Ile ya dumu jeupe," akasema.

Baba mdogo Joshua alicheka hadi akakohoa, ikabidi apewe maji. Mama Ruthu hakucheka. "Elieth mwanangu," akaniambia, "kama shida ni dumu, si ungesema? Ninayo matano, njoo uchukue moja." Unaona watu uliooa kwao. Gari limekufa na kufufuka, wao wanadhani nina wivu wa chombo. Nilimshukuru, nikamwambia kwangu maji natia kwenye mtungi.

Kikao hakikuamua kitu, kwa sababu Charles aliinua barua yako. Kumbe na yeye umemwandikia. Akawasomea kwamba mwenye kadi ameshasema, na kwamba kuanzia wiki ijayo gari lihamie kwao. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayenisamehe, kwamba ataendelea na oili yake kwa sababu injini imeshaizoea. Unasikia, Yotham? Injini imeshaizoea! Kama mtu aliyezoea kidonda.

Nikiacha hayo kidogo, ng'ombe wako yule mwenye baka amezaa, dume. Paa la jiko nimelirekebisha. Anastazia wa baba mdogo ameposwa na karani mmoja wa pale mjini, mpole, ana baiskeli na haongei sana. Huyo nimemkubali.

Turudi kwa ufunguo. Najua unachoogopa. Unaogopa wakwe zako watasema dada yako anakutawala. Wacha waseme. Wewe uko Mpanda, hutawasikia. Mimi ndiye ninayeamka na kuisikiliza ile injini inavyowaka, na karo ya watoto wako wawili inatoka nyuma ya bodi ile, si kwenye kadi. Injini ikinoki, ikafa kabisa, wakwe zako watabaki na madumu, na sisi tutabaki na nini? Hilo ndilo ungejiuliza kabla ya kunitumia amri kwa stempu ya serikali.

Kwa hiyo ufunguo sitoi. Wala si kwamba tutakosa dereva. Leseni nimeipata mwezi uliopita. Yule ofisa wa majaribio aliniambia nirudi nyuma kupanda kilima, nikarudi, akaniambia wanaume wanne wa asubuhi ile wameshindwa. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungemwambia Charles, na Charles angeliambia soko zima. Kesho alfajiri naondoka na zabibu, nusu mzigo kwanza kama alivyosema fundi, na ile stika nimeibandua kwa wembe ili nione ninachotakiwa kuona.

Ukitaka kunishtaki kwa ukoo, nishtaki. Ukitaka kuja kuchukua gari kwa mkono wako, njoo, ni lako pia, lakini uje wewe, usinitumie mtu. Na usihangaike kumwandikia Charles atumie ule ufunguo wa akiba uliomwachia kwa siri, ambao mimi sikupaswa kuujua. Ninao. Niliamka asubuhi ya leo nikaukuta umefungwa kwenye pindo la kanga, umewekwa juu ya kreti. Kanga hiyo naijua, na wewe unaijua, maana uliinunua Tabora ukamletea mkeo Krismasi iliyopita.

Mkeo Debora anakusalimu. Yuko hapa nje ananisaidia kupanga matawi ya mzabibu chini ya kreti, na kesho tunakwenda wote Morogoro; anasema hajawahi kuona kilima cha Gairo. Mama anakusalimu kwa Kigogo, anasema mbukwa, na ule vizuri. Baba mdogo Joshua na Anastazia wanakusalimu. Watoto wanakusalimu, Hana anataka umletee kitu cha Mpanda, chochote kile. Nisalimie wenzako wa stesheni.

Mungu akulinde kazini na akupunguzie homa, na akuzidishie kile ambacho shemeji yako hakupewa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza,

Elieth