Rejeta ya Chumba cha Baba

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Juu,
Blaenau Ffestiniog,
Wales.
24 Novemba 2018

Mpendwa Mama Mdogo Mererid,

Habari za huko mjini Regina? Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na theluji ya huko haijakufungia mlango. Sisi hatujambo. Mvua ni ileile unayoijua. Idwal yuko salama, ni mgongo tu unaomsumbua kila akipanda ngazi. Asante sana kwa soksi za sufu. Mimi nimevaa jozi yangu ninapokuandikia, na ya Idwal imeshatekwa na Baba.

Najua unachotaka kusoma kwanza, kwa hiyo sikuzungushi. Baba ni mzima. Ametoka hospitali na anakaa kwetu. Ila hatukufika hapa kirahisi, na kwa kuwa simu hukatika kila tunapofika penye maana, nimeona nikueleze yote kwa kalamu.

Tangu tumzike Mama mwezi wa Machi, Baba alikuwa peke yake kule juu kwenye nyumba yao. Nyumba ile unaijua, ulilala humo na koti. Hakuna joto ila lile jiko la makaa la jikoni. Nilikuwa nikimpelekea chakula, namkuta kajifunga skafu shingoni, ananiambia kazoea. Asubuhi moja ya Oktoba, jirani yake Bi Menna akaenda kumpa maziwa akamkuta kwenye kiti, mbele ya jiko lisilo na moto, midomo imegeuka rangi na maneno hayatoki sawasawa. Ndoo ya makaa ilikuwa imejaa pembeni yake.

Daktari alisema ni baridi iliyomwingia mwilini, na kwa mapafu yale yaliyokula vumbi la machimbo maisha yake yote, safari nyingine hatanyanyuka. Nilimuuliza Baba kwa nini hakuwasha moto. Akasema hakuona maana ya kuwasha moto wa mtu mmoja. Nikamfunika shuka, Mama Mdogo, nikatoka kwenda kulia kwenye korido.

Tukaamua, mimi na mume wangu Idwal, kumpa chumba chetu cha mbele. Ngazi hawezi tena kuzipanda. Lakini chumba kile nacho kilikuwa barafu, kwa sababu boila yetu, ule mtambo wa kuchemsha maji, inapasha jikoni na vyumba vya juu tu. Cha mbele tulikiacha kwa ajili ya wageni wa Krismasi. Ilibidi kwanza tuweke rejeta ya ukutani, ile inayopasha chumba kwa maji ya moto, na kuvuta mabomba mpaka huko. Baba alipoambiwa, akakataa katakata. Akasema yeye si mgeni wa kuwekwa sebuleni, atalala jikoni kwetu kwenye kochi mpaka Jumapili, kisha anarudi kwake. Jumapili ikafika, ikapita. Hakuondoka, na hakukubali.

Aliyemgeuza kidogo ni Tegid, fundi wa mabomba. Alikuja kupima chumba: kuta, urefu wa dari, upana wa dirisha, ajue joto kiasi gani litatosha. Alipomaliza akamgeukia Baba, si mimi wala Idwal, akamuuliza angependa kukaa wapi. Baba akaburuta kiti hadi dirishani.

“Hapa,” akasema. “Nione nani anachelewa kazini.”

Basi ikajulikana kwamba rejeta itakaa chini ya dirisha, na lazima iwe fupi isimzuie kuona barabara. Zile bapa za kawaida Tegid hakuzipendekeza. Zina vibati nyuma vinavyonasa vumbi, hewa ya moto ikipanda inalipeperusha, na kifua cha Baba hakihitaji vumbi jingine. Alituambia tutafute ile ya mabomba, yaliyosimama wima yakapangwa kama fito za uzio, ambayo unaweza kupitisha kitambaa katikati ukaifuta. Ila kwa kuwa ni fupi, ilibidi iwe pana na yenye safu tatu za mabomba, moja nyuma ya nyingine, ndipo itoe joto la kutosha chumba chenye dari ya juu vile.

Hapo Idwal akapata wazo lake. Kanisa letu la zamani limebomolewa, na rejeta zake zinauzwa kwenye yadi ya vitu vikuukuu kule bondeni. Ni za mabomba vilevile, za chuma kizito, zenye maua yaliyochorwa juu. Akaenda kimyakimya akaomba awekewe ile iliyokuwa kando ya benchi la Mama. Aliponiambia, machozi yalinitoka. Tukaona hiyo hata Baba hataikataa.

Jumamosi tukampeleka, na Tegid akaja na gari lake. Mwenye yadi akaondoa turubai. Baba akainama, akayapapasa yale maua, akauliza kama ni ile ya kanisani. Idwal akasema ndiyo Mzee, ndiyo yenyewe, ile ya Mama.

“Hii haijawahi kumpasha mama yenu hata kidole,” Baba akasema. “Kila Jumapili alirudi nyumbani miguu kama samaki.”

Ungemwona Idwal, shingo nzima imekuwa nyekundu. Mwenye yadi alijitia kukunja turubai ili asicheke. Tegid akasaidia kwa kusema kwamba hata hivyo mbao za sakafu yetu zisingeibeba bila kuongezewa nguzo chini, na chuma kile huchukua nusu ya asubuhi kupata moto, ingawa kikishapata hakiachii upesi.

Tukaenda duka la vifaa, penye rejeta mpya za chuma chepesi. Idwal na Tegid wakaenda na muuzaji kutafuta ya kimo tulichotaka. Mimi nikabaki na Baba. Alisimama mbele ya moja nyeupe, akawa anapitisha vidole kati ya mabomba, moja baada ya jingine, mpaka nikadhani amechoka, nikamletea kiti. Hakukaa. Akasema bila kunitazama:

“Mama yako aliniomba hiki kitu. Kila majira ya baridi aliniomba. Nikamwambia avae sweta.”

Ndipo nikaelewa kwa nini siku ile alikaa kwenye baridi na ndoo imejaa makaa pembeni yake.

Mama Mdogo, najua hamjazungumza vizuri tangu siku uliyompasha ukweli wako kuhusu baridi ya nyumba ile. Ulikuwa na haki. Mimi pia nilikuwa na maneno yangu, nimeyahifadhi muda mrefu. Lakini alikuwa anatetemeka pale dukani, na dukani kulikuwa na joto. Sikuweza kumwambia haikuwa kitu, maana ilikuwa kitu. Nikamshika mkono.

“Alivaa sweta, Baba. Akakulalamikia kila siku. Na hakukuacha.”

Akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye. Muuzaji alirudi akatuona, akageuza njia. Baadaye Baba akafuta uso akaniambia nimchukulie hiyo nyeupe, ya safu tatu, na isiwe na maua.

Tegid aliifunga Jumatano ya wiki iliyopita. Sasa Baba analala chumba cha mbele, anakiita “chumba changu,” na kikohozi cha asubuhi kimepungua. Anajua kuliko polisi nani amepita barabarani na saa ngapi.

Nikadhani mambo yameishia hapo. Kumbe juzi, msichana mmoja mwuguzi, Lowri, mwenye mtoto mchanga, alikuja kuulizia kupanga ile nyumba ya Baba kule juu. Baba akamwambia nyumba si tayari. Jana akampigia Tegid mwenyewe, wakapanda wote, nami nikawafuata nikidhani amekwenda kuiaga nyumba. Nikamkuta katika chumba walicholala yeye na Mama, anamwonyesha Tegid mahali ukutani pa kufunga rejeta. Tegid alitaka iwe chini ya dirisha.

“Hapana,” Baba akasema. “Iweke upande huu wa kitanda. Mwanamke alale na joto.”

Ni upande aliokuwa akilala Mama.

Msalimie sana Baba Mdogo Clifford, na Sioned, na Bryn na mkewe. Idwal anakusalimu, Bi Menna naye. Mungu akutunze huko kwenye theluji, atulinde sote mpaka tutakapoonana.

Mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye daima,

Eluned