Spana Aliyoichagua Isaya

Bi Asia, mshauri wetu, nisaidie, maana lililonipata nimeshindwa kumweleza mtu hapa Chuno nikaeleweka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu Isaya alikuwa fundi mitambo bandarini, ndiyo kazi iliyotuleta Mtwara kutoka Songea, na mwaka jana alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakampotea, akabaki kutamka moja moja, "maji," "hapana," "Glory," ambalo ni jina la binti yetu, kisha ananyamaza siku nzima akitazama ukuta. Wifi yangu Agnes alikuja kunisaidia kumuuguza, na amemwosha na kumlisha kaka yake kwa upendo, siwezi kulikana hilo, ila kilichotuokoa hasa ni mashine ya kufulia, kwa sababu mashuka ya mgonjwa hayaishi.

Sasa mashine ikagoma, ikawa inanguruma tu bila kuzunguka, fundi tuliyemwita akafungua kisahani kinachozungusha nguo ndani ya pipa akakuta nati kubwa ambayo hana spana yake, akataka kuigonga kwa patasi na nyundo, na hapo Isaya, tuliyedhani amelala, akasimama mlangoni akisema "hapana, hapana" mpaka yule fundi akafunga mkoba akaondoka. Nikazunguka maduka ya vifaa nikiazima spana, kila nikimwonyesha Isaya anatikisa kichwa, anajaribu kuniambia anayoitaka, neno haliji, machozi yanamlenga. Asubuhi moja nikamkuta amevaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia, yeye ambaye tangu augue hakuwahi kutaka kutoka nje, nikaelewa anataka kwenda kuitafuta mwenyewe.

Nikampakia kwenye bajaji hadi Mikindani kwa Hassani, anayetengeneza injini za boti, na Hassani alipoelewa tunachotafuta akamwaga chini sanduku zima la spana kuukuu. Isaya akaketi kwenye kigoda, akawa anaziokota kwa mkono wa kushoto, anapapasa mdomo wa spana kwa kidole gumba, anaiweka kando, anachukua nyingine, hata Hassani akaacha kazi yake akawa anatazama, na mara nikauona mkono wa kulia, mkono usioshika kijiko, unasogea polepole kuja kumsaidia mwenzake kuishika spana moja nene, na Isaya akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Nilikuwa nimesahau sauti ya mume wangu ikimaliza sentensi.

Nyumbani alichomoa kwanza waya wa umeme, akaipachika spana, nami nikaishika pamoja naye nikamwambia, "Baba Glory, hapo unakaza, zungusha kushoto." Akatikisa kichwa. Akasukuma kuelekea kulia, kama mtu anayefunga, na nati ikaachia. Tukalinyanyua pipa, tukakuta chini yake soksi ya shule ya Glory imejisokota kwenye mhimili. Tulipoirudisha mashine na kuiwasha, pipa likazunguka, Isaya akaweka kiganja juu ya mfuniko akalia, nami nikapiga magoti palepale sakafuni, sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Tangu siku hiyo kila asubuhi anavaa viatu anataka kwenda kwa Hassani, na Hassani mwenyewe amesema aje tu, lakini wifi ameificha spana kwenye sanduku lake la nguo, ananiambia, "Utamuua kaka yangu kwa ajili ya kufua," na anasema atawaita wazee wa ukoo waje wamchukue. Nami naogopa, akianguka kule lawama ni yangu, na naogopa vilevile kumrudisha kwenye ule ukuta. Nimsikilize nani?

Mama Glory, Chuno

Mama Glory,

Pole, na hongera. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikatoka nje kidogo kabla ya kuirudia. Wanaouguza wananiandikia sana, na wengi wao hawajaonyeshwa ulichoonyeshwa wewe pale kwa Hassani.

Sasa nikugombeze. Unaniuliza umsikilize wifi, Hassani au hofu yako, na katika barua yote sijaona mahali ulipomuuliza Isaya. Mtu aliyemzuia fundi mwenye patasi, akajua nati inayofunguka kinyume, akakumbuka kuchomoa waya kabla ya kugusa, huyo akili anayo. Kilichompungukia ni maneno, nanyi mmeamua kumsemea.

Agnes usimfanye adui. Anaogopa kama wewe, tofauti ni kwamba hofu yake ina sauti. Mshukuru mbele ya kaka yake kwa yote aliyoyafanya, kisha mwombe airudishe spana mkononi mwa Isaya, siyo mkononi mwako. Halafu mwende nyote hospitali. Mwelezeni daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo mkono ule ulifanya nini, apimwe presha, muulize akae nje kwa muda gani na asiguse nini. Neno la daktari litamtuliza wifi yako kuliko langu. Na dawa asiache hata siku moja eti kwa sababu amechangamka.

Akiruhusiwa, aanze na asubuhi chache kwa juma. Kigoda hakifai, Hassani amtafutie kiti chenye egemeo, mbali na injini inayowaka, na siku za mwanzo Agnes ndiye amsindikize, aone kwa macho yake ulichokiona wewe.

Ila kabla ya hayo yote, leo ukirudi kutoka shuleni, keti mbele yake umuulize, "Isaya, wewe unataka nini?" Kisha nyamaza. Usimtafutie neno, usimmalizie sentensi. Chai itapoa, Agnes atataka kumjibia, mzuie. Msubiri mpaka amalize.