Ng'ombe Wanne Ndani ya Sanduku

Baba,

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwako Makandana, kwenye kiti chako, kile ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia tangu tukuzike. Nimekikalia makusudi. Ipyana yuko hapo mezani, amenipa mgongo, anazifungasha nyaya zake. Juzi alipofika nilimwona anakiangalia hiki kiti, nikamuwahi.

Nina wivu, Baba. Nakwambia mapema ili usije ukasoma huku unajiuliza hii sauti imetoka wapi.

Nianze na msiba, maana yote yalianzia huko. Ulizikwa vizuri. Walikuja watu wa Masoko, wa Mpuguso, hadi wale wa mashamba ya chai ya mbali, na nusu yao uliwapiga video siku za harusi zao. Walileta ndizi, maharage na kuni kavu, sijui walizitoa wapi kwenye mvua ile. Na kama ilivyo kawaida yetu, kabla jeneza halijafika akina mama wa kwaya walitoa kila kitu sebuleni ili watu wakae kwenye mikeka. Yalitoka makochi, likatoka kabati, ikatoka televisheni. Ndipo mwenyekiti wao, Mama Neema, akaliona lile sanduku lako la kompyuta la kuhifadhia picha na video, kule kwenye kona, chini ya kitambaa alichokifuma Mama, linamulika taa zake za kijani.

Unajua tulivyo. Nyumba yenye msiba haipigi redio. Mama Neema alidhani ni redio, akachomoa waya ukutani kwa heshima yako. Kisha akaona zile diski nne zinavutika kama kaseti, akazitoa, akazifunga kwenye kanga ili zisiibiwe, akaziweka stoo. Stoo ile inayovuja, Baba, ambayo ulisema utaiezeka mvua zikiisha, utadhani Tukuyu mvua huwa zinaisha. Mimi simlaumu. Angeacha taa zile zinawaka, watu wangesema binti wa marehemu anasikiliza muziki. Tulipoanua matanga, vitu vikarudishwa ndani, na kaseti nazo zikarudishwa kwenye matundu, yoyote ikaingia popote.

Hakuna aliyejua kuna tatizo mpaka tulipotaka picha yako kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Hapo ndipo tuligundua kwamba hatuna picha yako. Ile tuliyoiweka juu ya jeneza tuliikuza kutoka kwenye kitambulisho, umetoa macho kama mtu aliyeitwa kituoni. Mama aliitazama akasema, "Huyu siye mume wangu." Tangu enzi za ruksa, ulipoacha kazi kiwandani ukanunua kamera yako ya kwanza kwa yule mfanyabiashara wa Dar, umeipiga wilaya nzima, na hakuna aliyekupiga wewe. Mikanda ya zamani uliihamishia kwenye sanduku, kisha ukaichoma kwa sababu ya kuvu. Kama upo mahali popote, Baba, basi ulikuwa mle.

Tukaliwasha. Likalia kama kifaranga kilichopotea, na kwenye skrini ikaja habari kwamba halioni kitu chochote, je, tunataka lianze upya? Baba mdogo akasema tulikubalie, labda limesahau tu. Mama akasema, "Mtu asiguse. Mpigieni Ipyana."

Mpigieni Ipyana. Mimi ndiye mtoto wako wa pekee, mwalimu mwenye cheti, nimesimama palepale, na jina linalotoka ni la kijana wa Mpuguso uliyemwokota stendi akiuza mayai ya kuchemsha. Niliuliza kwani Tukuyu hakuna mafundi. Mama akanisogezea simu. Nikapiga.

Nikukumbushe kitu? Nilikuwa kidato cha pili nilipokuomba unifundishe kamera. Ulicheka, ukanishika shavu, ukasema, "Kamera nzito, mwanangu, itakuumiza bega. Wewe shika kitabu." Mwezi haukuisha ukamleta Ipyana, mwembamba kuliko mimi, ukamtwisha kamera ile ile begani. Nikitoka shule nawakuta mlangoni kwa studio, mmekaa kwenye benchi moja, mnakula mahindi ya kuchoma, unamfundisha mwanga wa ukungu na mwanga wa jua. Mimi ulikuwa ukiniuliza, "Mtihani lini?" Yeye ulimwita mwanangu. Nilikusikia, Baba. Mtu haitwi mwanangu mbele ya mwanao halafu mwanao asisikie.

Na harusi yangu? Aliyenishika mkono kuingia kanisani ni Baba mdogo. Wewe ulikuwa mbele yangu unarudi kinyumenyume na kamera usoni. Kila bibi harusi wa Rungwe alikuwa na baba yake pembeni, mimi nilikuwa na lenzi. Kwenye mkanda wa siku ile haupo kabisa, isipokuwa kikohozi chako mara moja, wakati wa viapo. Nyumbani kwangu niliurudisha mkanda ule kwenye kikohozi mpaka mume wangu akaniuliza naumwa au vipi. Nao ukaota kuvu.

Basi Ipyana alikuja kutoka Mbeya, ambako sasa ana duka la kutengeneza kompyuta. Aliingia mlangoni, akaona ile picha ya kitambulisho, akalia. Alilia kwa sauti, Baba, mpaka majirani wakachungulia. Mimi siku ya mazishi nilijikaza, nikaambiwa nina moyo, halafu mtu anakuja nyumbani kwetu ananipita kwa kilio. Mama akamkumbatia. Mimi nikaenda kuchemsha chai.

Alipotulia aliniambia, "Dada Atu, asante kwa kutobonyeza." Nikamwambia amshukuru Mama. Akaeleza kwamba kila faili ulilohifadhi limekatwa vipande, na vipande vimesambazwa kwenye diski zote nne, kwa hiyo diski moja peke yake haina maana. Kusema ndiyo kungeweza kufuta mpangilio wote. Nikamjibu haraka kwamba najua, Baba aliniambia mwenyewe siku sanduku lilipofika: ni kama watu wanne waliobeba machela, mmoja akianguka watatu hawamwagi mgonjwa. Nilijisikia vizuri kusema hivyo. Akatabasamu, akasema, "Hata mimi Mzee aliniambia hivyo hivyo kwenye simu." Sasa, hata machela ulikuwa umemgawia?

Lakini kazi aliifanya kwa adabu, lazima niseme. Diski zako hakuzichezea. Alinakili kila moja kwenye diski mpya, na makosa yake humo humo, kisha zako akazilaza juu ya mto kama vitoto vichanga. Moja haikuamka kabisa, maji ya stoo yalishaiingia. Zilizobaki tatu zilitosha, alisema, mradi ajue kila moja ilikaa nafasi ya ngapi, pamoja na ile iliyokufa. Akaanza kubahatisha. Kila akijaribu, picha zinatoka vipande vipande: kilemba cha mama wa bwana harusi kimekaa juu ya mkungu wa ndizi, mchungaji ana miguu ya meza. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu ututoke. Ipyana hakucheka. Alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile, anafuta, anaanza tena, na nilimwona anaanza kukata tamaa.

Akazigeuza zile diski zako pale kwenye mto, akauliza, "Dada, haya majina Mzee aliyoyabandika ni ya maharusi gani? Shangazi, Kipara, Malaika, Sekela?"

Baba, ningeweza kuruka. Hakuwajua! Alikuwa ameshahamia Mbeya wakati ule. Ni ng'ombe zetu wa Masoko, wale uliowauza wote wanne ununue sanduku, Mama akakununia msimu mzima wa kahawa, nawe kwa kujipendekeza ukayaandika majina yao kwenye plasta, kila diski na ng'ombe wake. Na ni nani aliyekuwa akiwapeleka mtoni likizo hadi likizo? Ni mimi. Walikuwa hawatembei ovyo. Shangazi mbele, mtu asimpite. Kipara nyuma yake, Malaika wa tatu, na Sekela mwisho kabisa kwa sababu lazima aonje migomba ya jirani. Nilimpangia Ipyana kwa kidole mezani, taratibu, kama ninavyomfundisha mtoto wa darasa la kwanza. Na ile isiyoamka ilikuwa Sekela. Hata huku kabaki nyuma.

Akaziweka hivyo. Kilemba kikarudi kichwani kwa mwenyewe. Mchungaji akapata miguu yake. Ipyana akainuka, akanipigia makofi, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, Dada." Nikajibu si kitu, lakini nilikuwa natamba moyoni, sikufichi, ungekuwepo ungeniona. Hilo hukumfundisha yeye.

Tukaanza kukutafuta. Wa kwanza nilikuwa mimi: gauni, mvua, Baba mdogo, na kikohozi chako mahali pake. Hukuwepo. Harusi baada ya harusi, misiba, mahafali, kikao cha ushirika, hukuwepo. Mama alikuwa ameanza kukunja leso yake. Ndipo Ipyana akafungua mahali palipoandikwa jina lake.

Ulikuwa humo, Baba. Humo tu. Umekaa kwenye benchi ya studio, hindi mkononi, sweta lile la kahawia, unacheka meno yote nje. Ni mikanda yake ya mazoezi. Ulikuwa unamwambia, "Anza na mimi. Ukinikosea sinuni." Kamera inatetemeka, inakukata kichwa, inarudi, na wewe unamngoja, umemkazia macho moja kwa moja kwenye lenzi, kwa upole ambao sijui kama niliwahi kuupata mezani. Niliungua. Nasema kweli, niliungua kuliko siku ya kaburi. Uso wako wote uliobaki duniani umemwangalia yeye.

Nilitaka kutoka nje. Mama akanishika mkono, akasema, "Sikiliza."

Ulikuwa umeweka hindi pembeni. Ulisema, "Tuliza mkono, mwanangu. Wewe lazima uive kabla Atu hajaolewa. Siku hiyo kamera unashika wewe. Mimi nitakuwa nimemshika binti yangu."

Ipyana akaweka uso mikononi. Alisema asubuhi ile ya harusi yangu aliamka na malaria, mikono haishiki hata kikombe, na ukamwambia, "Basi, shika taa." Nikamkumbuka. Nilikuwa nimemwona kanisani, amejifunika koti la mvua, taa inacheza mikononi mwake, nikasema moyoni, mvivu huyu, hata siku yangu. Hukuniambia kitu, Baba. Ungeniambia neno moja tu. Mimi nilimaliza miaka nikikidai kikohozi kinieleze.

Nimeirudia ile picha mara nyingi sasa. Nimegundua kwamba yeyote anayekaa mbele ya skrini ndiye unayemwangalia. Leo asubuhi nilimwambia Ipyana asogee, nikakaa mimi, ukaniangalia mpaka mkanda ukaisha.

Wivu haujaisha, usidanganyike. Yeye alikula lile hindi, mimi sikula. Lakini picha ya ibada itakuwa hiyo, wewe na hindi lako, na nimewaambia waandike chini yake nani aliipiga. Ameomba nakala, nimempa. Ameomba na kiti, kwa utani, nikamwambia asinizoee.

Anaondoka kesho, ila kamera yako ya mwisho ameiacha juu ya kabati, na kabla hajaenda atanionyesha kuishika. Nakuahidi nitaijua. Nitaanza na Mama. Nikimkosea atanuna, unamjua, lakini hatakosekana kama wewe ulivyokaribia kukosekana.

Pumzika, Baba. Bega langu halina neno.

Atu wako