Rangi Moja Tu

Mwanza, Jumamosi, Agosti 1999

Eti "miaka miwili unatafuta rangi!" Baba mdogo alicheka mpaka chai ikamwagika. Nimekuja likizo tu, yeye ameshanitafutia kazi kwenye kiwanda cha sangara, nisimamie vyumba vya barafu. "Si unasomea baridi huko Ulaya? Baridi hii hapa, tena ina mshahara."

Nikamweleza. Kwenye maabara yetu tunaunganisha atomu mbili zilizopoa kupita barafu yoyote kwa mwanga wa leza, lakini molekuli inayozaliwa bado inatetemeka. Kuituliza kabisa kunataka mwanga wa rangi moja tu, ndiyo hiyo ninayoitafuta. Ukikosea kidogo, haitulii. Akacheka tena.

Mama alikuwa anashona sare za harusi ya dada. Wiki nzima alizunguka maduka ya Mabatini akitafuta uzi unaolingana na kitenge, mwishowe akapanda kivuko hadi Sengerema ndipo akaupata. Akauweka ule uzi mezani. "Shemeji, basi na mimi unicheke."

Baba mdogo akaanza kufuta chai aliyoimwaga.

Naogopa, sikatai. Huenda rangi ile nisiipate kamwe. Lakini barafu yao waitafutie mtu mwingine. Mimi Sengerema yangu bado sijafika.