Pole kwa Msiba Wangu

2 Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Habari za huko, na kile kifua chako je? Sisi huku wazima, na hili nalisema kwa mkazo: mimi ni mzima.

Dada yako kaniletea albamu yako mpya kwenye flashi, tukaichomeka kwenye redio ya hapa kazini. Nikawanyamazisha wateja wote, tulieni, mwanangu anaimba. Wimbo wa kwanza nikatikisa kichwa, wa pili nikacheza na pasi mkononi. Ukaanza ule wa "Mama Dobi", nikasema huyo ni mimi. Kumbe ni mimi maiti. Unaimba kwamba umenizika, umerusha udongo kaburini kwangu, umebaki na harufu ya sabuni yangu. Koti la bwana harusi likaungua kola, mimi nimesimama tu na pasi juu yake.

Sasa wimbo umeenea mtaani. Jana fundi viatu kaja na uso wa huzuni kumpa dada yako pole, akanikuta mimi mlangoni na beseni la nguo. Alikaa chini bila kuambiwa. Umenifanyia nini hiki?

Mama yako

11 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo haukusumbui sana. Nisamehe, sikukuombea mabaya hata kidogo.

Unakumbuka ulipolazwa mwaka jana? Dada alinipigia akasema, "Mama anaumwa kidogo, ukipata nafasi njoo." Maneno hayohayo aliniambia wakati wa baba, nikaja na machungwa ya mgonjwa, nikakuta turubai la msiba uani. Basi safari hii nikajua Mama hayupo, Dada ananificha. Nikazima simu, nikalia mpaka sauti ikakauka, na wimbo ukaja wenyewe. Nilipowasha simu siku ya tatu, ukapiga wewe mwenyewe, unauliza kama ninakula. Wimbo ulikuwa umeshakamilika, na kila aliyeusikia alisema unazipita nyimbo zangu zote.

Nitaomba radhi redioni ukitaka.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, kwingine salama.

Barua yako mwanzoni ilinichekesha, nikamsomea dada yako. Yeye hakucheka. Akasema, "Mama, kwa hiyo alijua umekufa." Nikaketi juu ya furushi la mashuka, nikaisoma upya.

Ulijua nimekufa, ukazima simu. Watu wangenizika, wangekula, wangetawanyika, nawe upo chumbani unatafuta vina. Mwanangu wa kumzaa.

Nimeusikiliza tena huo wimbo. Ni mzuri, sikatai, umenililia vizuri. Ulipofika pale pa kurusha udongo nikazima redio. Udongo upi, na hukuja?

Nimemwambia dada yako, siku yangu ikifika asikupigie. Utasikia redioni, kama nilivyosikia mimi.

Mama yako, mzima